Muulizeni Mwenyewe

Zamu ya mchana ya kitengo cha dharura ilikuwa na madaktari wawili. Mmoja alilazimika kuinama kila alipoingia stoo, mwingine alihitaji kigoda kufikia rafu ya glavu, kwa hiyo watu waliwaita Mrefu na Dokta Mdogo, na hakuna aliyenuna. Mrefu ndiye aliyekuwa mkubwa, kwa umri na kwa cheo. Ndiye aliyemfundisha Dokta Mdogo kushona jeraha la uso bila kuacha kovu la kutisha. Ndiye pia aliyemfundisha, bila kukusudia, kuguna kila mzee alipoingizwa.

Kuguna kwenyewe hakukuwa matusi. Kijana aliyeanguka na pikipiki unajua pa kuanzia: damu inatoka hapa, mfupa umechomoza pale, unafanya kazi yako na unaona matokeo. Mzee analetwa kwa sababu hajisikii vizuri. Wapi? Kote. Tangu lini? Kitambo. Anatumia dawa gani? Zile ndogo nyeupe, na zile nyingine. Unahangaika naye nusu siku, na ukishamaliza unapigia wodi, wodi haimtaki. Dokta Mdogo hakuwa mtu mbaya. Ila alipoona mvi zinaingia mlangoni juu ya kiti cha magurudumu, alianza kuomba moyoni zielekee upande wa Mrefu, na Mrefu naye, bila shaka, aliomba kinyume chake.

Asubuhi moja aliletwa mzee aliyesikika kabla hajaonekana. Alikuwa fundi bomba aliyestaafu, amepita miaka themanini, amefiwa na mke, anaishi na binti yake mkubwa. Binti alikuwa mshonaji wa sare za shule, na alikuwa ametoka nyumbani mbio hata futi ya kupimia nguo ikabaki inaning'inia shingoni.

“Tulikuwa hapa jana,” alimwambia nesi huku akimshika baba yake asiteremke kitandani. “Yule daktari mrefu alituona. Akasema ni uzee, akatupa vidonge vya usingizi. Usingizi wenyewe uko wapi? Amekesha akimwita mama, na mama tulishamzika. Alfajiri nimemkuta anataka kung'oa mlango wa choo.”

Mrefu alifungua pazia, akachungulia. “Ah. Wa jana.”

Mzee alikuwa ameshachomoa dripu mara mbili, shuka lina matone ya damu, kwa hiyo manesi walimfunga mikono kwa bendeji kwenye vyuma vya kitanda. Alikuwa akijipindapinda huku na huku na kutoa maneno yasiyoshikana. Mrefu alisimama miguuni pa kitanda, mikono mfukoni, akamgeukia binti.

“Anakula?”

“Hataki.”

“Anakojoa?”

“Tena sana. Suruali zimelowa tangu juzi, nabadilisha hadi nimechoka.”

“Basi maji mwilini yapo. Malaria tulipima jana, hana. Sukari iko sawa, homa hana.” Alishusha sauti, ile sauti ya msibani ambayo madaktari wanayo. “Mama, ubongo nao ni kiungo, unachoka. Huyu hana jipya. Tutamchoma sindano ya kumtuliza, mrudi nyumbani, mmzoee hivyo.”

“Dokta, wiki iliyopita huyu alikuwa anasoma gazeti na kubishana na redio.”

“Ndivyo inavyoanza.”

Binti alifungua mdomo ajibu, lakini hapo hapo mlango mkubwa ulifunguka kwa kishindo. Jukwaa la mafundi rangi lilikuwa limeporomoka kwenye jengo la jirani, na majeruhi waliingizwa mmoja baada ya mwingine, wengine wakitembea, wengine wamebebwa, vumbi na rangi mwili mzima. Mrefu alikunja mikono ya koti. Akiwa anakimbia, alimwambia Dokta Mdogo bila kusimama: “Nimalizie wa kitanda cha mwisho. Sindano, karatasi ya kuruhusiwa, kwaheri. Usikwame hapo, nakuhitaji huku.”

Dokta Mdogo alivuta dawa kwenye bomba la sindano huku roho yake iko kwa mafundi rangi. Alitaka kuwa kule, kwenye mifupa na damu, kwenye kazi inayoonekana. Alipofungua pazia alimkuta binti amesimama kati yake na kitanda, mikono kiunoni.

“Hiyo ya nini?”

“Ya kumtuliza. Atapumzika kidogo, kisha mtaenda.”

“Kabla hujamchoma, nikuulize. Umemgusa?”

“Samahani?”

“Jana hakuguswa. Leo hakuguswa. Mnasimama huko miguuni mnaniuliza mimi kama vile huyu ni mzigo nimeuleta kupimwa uzito. Mimi nashona, dokta. Kitambaa kilichofubaa nakigeuza pande zote mbili kabla sijasema hakifai. Baba yangu mmemwangalia kutokea mlangoni.”

“Mama, kuna watu wanakufa kule nje.”

“Na huyu je? Siendi. Labda mnibebe na mimi.”

Dokta Mdogo alichemka. Si aibu iliyompata, ilikuwa hasira safi: hasira kwa mwanamke huyu na futi yake shingoni, kwa Mrefu aliyemwachia kesi isiyokwisha, kwa mzee asiyenyamaza. Aliitupa sindano kwenye trei, akavuta glavu kwa nguvu hadi moja ikapasuka, akachukua nyingine. Atamgusa, basi, ili yaishe.

“Shikamoo, baba,” alisema.

Mzee hakuitikia. Macho yalimpita yakaenda ukutani. Dokta Mdogo alisikiliza kifua, akatazama macho, akabonyeza miguu. Kisha akapandisha shati na kushusha kidogo mkanda wa suruali iliyolowa, akaweka kiganja tumboni.

Akakiacha hapo hapo.

Tumbo la juu lilikuwa limebonyea kwa njaa, lakini kuanzia kitovuni kushuka chini lilikuwa limetuna, gumu, limejaa kama mpira uliopigwa upepo. Alipobonyeza, mzee alipiga ukelele ambao haukuwa wa kuchanganyikiwa hata kidogo. Ulikuwa wa maumivu, na mtu yeyote angeuelewa.

“Kabla ya hapa,” Dokta Mdogo aliuliza, na sasa sauti yake ilikuwa nyingine, “alikuwa anakojoa vizuri?”

“Anaamka amka usiku. Anakaa chooni muda mrefu, namsikia anavuta pumzi. Lakini nilidhani...” Binti alimtazama baba yake. “Nilidhani ni uzee.”

“Na wiki hii ameanza dawa yoyote mpya? Hata ya dukani?”

“Vidonge vya mafua tu. Vya famasi. Vilimkausha pua siku hiyo hiyo, akavipenda, akawa anameza hata mafua yalipoisha.”

Dokta Mdogo alifumba macho kidogo. Vidonge vile vikimkuta mzee mwenye tezi dume iliyotanuka vinaweza kumfunga mkojo kabisa. Kibofu kinajaa, kinajaa tena, hadi mkojo unaanza kuchuruzika wenyewe bila kupunguza kitu. Suruali inalowa, kila mtu anaridhika kwamba anakojoa, na mwenyewe anachanganyikiwa kwa maumivu asiyoweza kuyaeleza. Kila mwanafunzi wa udaktari anafundishwa hili. Yeye alifundishwa. Mrefu alifundishwa.

“Nesi! Niletee mpira wa mkojo. Na ile sindano iondoe hapa.”

Mpira ulipoingia, mkojo ulitoka hadi mfuko ukajaa, wakaubadilisha, na wa pili nao ukaanza kupanda. Mzee aliacha kujipindapinda. Mabega yalishuka, mdomo ukafunguka, akashusha pumzi ndefu ambayo ilimfanya binti yake aanze kulia. Kisha akalala, bila dawa ya mtu. Dokta Mdogo alifungua bendeji za mikono kwa vidole vyake mwenyewe. Chini yake ngozi ilikuwa imechunika, nyembamba kama karatasi ya kufungia sigara.

Alichukua damu ya kupima figo, akapiga simu wodi ya wanaume.

“Ana miaka mingapi?” aliuliza daktari wa wodi kabla hajaambiwa ugonjwa.

“Themanini na mmoja. Mkojo ulifunga, nimeweka mpira, nataka figo ziangaliwe hadi kesho.”

“Themanini na mmoja! Dada, si umeshazibua? Mpelekeni nyumbani akapumzike na wajukuu.”

“Hajapona. Alikuwa amechanganyikiwa kabisa, na vipimo vya figo sijavipata.”

“Wazee wote wamechanganyikiwa. Kitanda sina.”

Hakuwa amekata simu vizuri. Dokta Mdogo alimsikia akimwambia mtu pembeni kwamba kitanda cha dirishani kiandaliwe, kuna fundi rangi wa miaka ishirini anapandishwa. Alibaki ameshika mkono wa simu kama anataka kuupiga ukutani, kisha akaurudisha taratibu, maana simu ilikuwa ya serikali na moja tu.

Kwa hiyo mzee alisogezwa koridoni, kati ya ndoo ya kupigia deki na mashine mbovu ya kupima moyo, na hapo ndipo alipoamkia alasiri. Dokta Mdogo alikuwa akipita. Alisimama, akamsalimu tena, safari hii bila kutegemea kitu.

“Marahaba,” mzee alisema. Sauti ilikuwa imekauka. Alitazama mikono yake, akaigeuza. “Nani kanifunga?”

Dokta Mdogo alivuta kiti, akaketi, akamweleza yote tangu jana. Mzee alisikiliza huku kope zikimlemea. Mara mbili alipotea katikati ya sentensi akarudi.

“Nilikuwa nasikia kwa kukatika katika,” alisema mwishowe, “kama redio yenye betri kuukuu. Lakini yule jamaa aliyesimama kule miguuni nilimsikia. Hana jipya.” Alikohoa. “Binti yangu, nimezibua mabomba ya nusu ya mji huu. Mengine yamewekwa kabla sijazaliwa. Sijamwambia mwenye nyumba hata siku moja kwamba nyumba yako imezeeka, nenda ukalale. Unaingiza waya uone pameziba wapi. Nataka aje aniambie alikosea. Sitaki kesi. Aje tu.”

Mrefu alikuwa kwenye kachumba ka wafanyakazi, anakula mkate mkavu ameinamia sinki ili makombo yasianguke sakafuni. Koti lake lilikuwa na damu na rangi ya bluu. Dokta Mdogo alimwambia.

“Kibofu?” Aliacha kutafuna. “Lakini alikuwa analowa.”

“Kilikuwa kinafurika.”

Mrefu alisukumia makombo kwenye tundu la sinki. “Umefanya vizuri,” alisema.

“Sikuja kusifiwa. Anataka kukuona.”

“Nimwambie nini?”

“Kwamba ulikosea.”

“Leo nimeokoa miguu ya watu pale, sijaenda hata chooni. Unataka niende nikapige magoti?”

“Hajasema magoti. Kasema uje.”

“Wewe bado una moto,” Mrefu alisema, na hakusema kwa kejeli. Alionekana amechoka hadi kwenye mifupa. “Mimi nikiona mzee naona mchana wangu wote unapotea. Nawapigia wodi, wananicheka. Ndugu zake wanataka mzee awe kama alivyokuwa ujanani. Nikimtibu mapafu, moyo unagoma. Nikitibu moyo, anaanguka. Mtu anafika mahali anaacha kutafuta.”

“Na mimi nilikuwa nimeacha. Nilikuwa na ile sindano mkononi.”

Mrefu alifuta mdomo, akatoka, na Dokta Mdogo akamfuata nyuma akiamini, kwa kweli aliamini, kwamba mambo yanakwenda kunyooka.

Walipofika koridoni Mrefu alimpita mzee, akamsalimia binti.

“Mama, habari ya saa hizi? Mzee anaendeleaje?”

Binti alikuwa anamlisha baba yake uji kwa kijiko. Hakugeuka. “Muulize mwenyewe.”

Mrefu aliinama juu ya kitanda, akaweka mikono magotini, akapaza sauti hadi wagonjwa wa benchi wakageuka. “MZEE! UNAJISIKIAJE?”

“Masikio hayakuziba, dokta,” mzee alisema. “Kilichoziba ni huku chini.”

Benchi zima liliangua kicheko. Mrefu alicheka kuliko wote, kicheko cha mtu aliyepata pa kutokea. Akampigapiga mguu juu ya shuka. “Mzee bado ana utani! Hiyo dalili nzuri sana. Mpeni maji, mama, maji mengi.” Akaenda zake, hatua ndefu, koridoni hadi mwisho, kona, hayupo.

Mzee alimtazama Dokta Mdogo. “Ndiyo keshasema?”

“Bado, baba.”

“Nilifikiri labda kalisema kitaalamu, mimi sikuelewa.”

“Naomba radhi mimi,” Dokta Mdogo alisema. “Kwa niaba yangu, si yake. Nilikuja kukuchoma nikuondoe.”

“Lakini hukuchoma.”

“Kwa sababu binti yako alinizuia njia.”

“Huyo?” Mzee alifungua mdomo apokee kijiko kingine. “Huyo hata mimi alinizuia kuoa tena. Mwache.”

Kitanda cha wodini hakikupatikana. Vipimo vilirudi, figo zilikuwa zimeumia kidogo lakini zinatibika, na jioni mzee alirudi nyumbani na mpira wake na mfuko wake wa mkojo, na tarehe ya kuonana na daktari wa upasuaji wa njia ya mkojo. Dokta Mdogo aliwasindikiza hadi kwenye teksi. Binti alimshika mkono.

“Nashukuru,” alisema. “Lakini sina furaha, dokta. Usije ukadhani nimeondoka hapa na furaha.”

Dokta Mdogo alifunga mlango wa teksi polepole usimgonge mzee kiwiko.

Kwenye kikao cha kitengo alisimama akalieleza jambo lile bila kutaja jina la mtu. Alipendekeza kwamba mzee yeyote aliyechanganyikiwa ghafla avuliwe nguo apimwe mwili mzima, aulizwe dawa zote hadi za famasi, na azungumziwe yeye kwanza kabla ya ndugu. Wengine waliitikia kwa vichwa. Mrefu alikuwa akikuna tone la rangi ya bluu kwenye saa yake. Mkuu wa kitengo alifurahi mno.

“Safi sana,” alisema. “Basi wazee wote utawachukua wewe. Una moyo nao.”

Alijaribu kueleza kwamba sivyo alivyomaanisha, kwamba suala ni la wote. Kikao kilikuwa kimeshahamia kwenye uhaba wa glavu.

Tangu hapo kila mvi iliyoingia mlangoni ilipelekwa upande wake. Jina la Dokta Mdogo likafa, akawa Dokta wa Vikongwe, hata wabeba machela wakaliimba. Foleni yake ikawa ndefu, na mkuu yule yule akamwita ofisini kumuuliza kwa nini siku hizi amekuwa mzito. Alitoka ofisini humo akaenda stoo, akapiga teke boksi tupu la dripu hadi likapasuka, akarudi kazini. Mara moja tu alimwona Mrefu, akidhani haonekani, akipandisha shati la mzee mmoja na kuweka kiganja tumboni, haraka haraka kama mtu anayeiba. Alipogundua anatazamwa alivuta shuka. “Wako huyu,” alisema, akaondoka.

Na siku moja akaletewa bibi mwembamba mwenye mkoba mkubwa mapajani, aliyekuwa akipata kizunguzungu. Dokta wa Vikongwe aliketi mbele yake, akasalimu, akaitikiwa. Akauliza amekula nini asubuhi, analala vipi, anaishi na nani, anameza dawa gani. Bibi alijibu, akajibu, kisha akanyanyua kiganja.

“Mjukuu wangu, unakusudia kuniandikia dawa au kunitafutia mchumba?”

“Bibi, lazima nijue.”

“Mimi nina mambo yangu nyumbani. Sikuja kukaa mchana kutwa naulizwa habari za ukoo. Niitie yule mrefu anayepita pale. Yule ana haraka kama mimi.”

Dokta alitoka nje ya pazia, akasimama akiwa hajui acheke au alie. Mrefu alikuwa upande wa pili, amezungukwa na vijana wawili walioumizana mpirani. Angeweza kumwita. Angekuja, angesimama miguuni pa kitanda, angemaliza mara moja, na bibi angefurahi.

Alirudi ndani, akavuta kiti karibu zaidi.

“Yule ana kazi,” alisema. “Ni mimi au ukangoje benchini, bibi.”

Bibi alimkagua kutoka kichwani hadi viatuni, akasonya. Kisha akafungua mkoba wake, akaanza kumwaga pakiti za vidonge kitandani, moja baada ya nyingine, nyingine hazina hata jina.

“Basi fanya upesi,” alisema.